Kijiti cha Kupimia Maji ya Rejeta

Nyumbani,
11 Aprili

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Naanza kwa kukujulisha kwamba huku sote tu wazima, na tunatumaini vumbi la kambini halijakukaba kifua kama mwaka jana. Mkaza mjomba anaendelea vizuri na kitalu chake. Miche ya michungwa imeshika, na ile ya miparachichi inakaribia kuuzwa. Binti yako ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa hataki kucheka mbele ya watu, isipokuwa akisahau. Jambo moja tu halijatengemaa: mkaza mjomba na jirani yetu, fundi cherehani, bado hawasalimiani. Mkaza mjomba anashikilia kwamba lile godoro la wageni, la maua ya zambarau, lililotoweka kwenye kamba siku chache kabla hujasafiri, liliingia kwa fundi cherehani na kutoka likiwa mito ya kuuza. Wakikutana langoni, kila mmoja anatazama juu kana kwamba mvua inakuja.

Baada ya salamu hizo, naomba uniruhusu nitoe taarifa ya gari.

Uliniachia jukumu la kupima maji ya rejeta ya pikapu kwa kijiti ulichokichonga alama mwenyewe, asubuhi kabla injini haijawashwa na jioni ikiwa imepoa. Nimelitekeleza bila kukosa, na matokeo yake yananitatiza. Maji yanapungua. Hayapungui kwa kiasi cha kutisha, ila yanapungua kila mara, na kila mara mimi huongeza mengine. Nimetandaza maboksi chini ya injini, na asubuhi nimeyakuta makavu kabisa. La ajabu zaidi ni kwamba maji hupungua hata baada ya siku ambazo gari, kwa taarifa niliyo nayo, halikutoka uani.

Kwa kuwa saa ya kilomita ilikufa zamani, sina kipimo kingine. Nitaendelea na uchunguzi kwa utaratibu wa kitaalamu, kama inavyompasa mhitimu wa shahada ya fizikia. Naambatanisha nakala ya cheti changu pamoja na ombi la kazi katika maabara yenu ya kupima udongo wa barabara, ambalo kwa hisani yako uliahidi kulifikisha mezani kwa mhandisi mkuu.

Wako mtiifu,
Mpwa wako


Kambini,
2 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Mimi mzima, na vumbi nalo zima. Barua yako nilipewa na dereva wa lori la saruji, ikiwa imefungwa vizuri. Endelea kumpa yeye. Simu huku inashika mtandao mahali pamoja tu, dirishani kwa karani, na karani huyo ana masikio makubwa kuliko ofisi yake.

Furahi pamoja na binti yangu, mwambie meno huota. Habari ya godoro achana nayo. Magodoro yako mengi duniani.

Sasa nisikilize. Kazi yangu hapa ni kutunza dizeli ya mitambo yote. Asubuhi natumbukiza kijiti kwenye tangi, jioni natumbukiza tena. Mtu anaweza kuniapia kwamba tingatinga lake lililala kutwa nzima. Kijiti kikitoka na mstari uko chini, najua lilikokwenda na alikouza. Sigombani na mtu. Namwonyesha kijiti tu, naye anaanza kutazama viatu vyake.

Gari lililolala halinywi maji. Hilo nalijua tangu hujazaliwa. Likinywa, limetembea. Wewe umeandika "kwa taarifa niliyo nayo." Taarifa hiyo umepewa na nani? Funguo zinalala wapi? Na huyo dereva wenu mpya mnayemwita Taratibu, ambaye nasikia anapiga shati pasi ili aende kubeba miche, akimaliza kazi anaondoka saa ngapi? Chai anainywea uani au anaingia ndani?

Usimwambie mtu kwamba nimeuliza. Ombi lako la kazi nimelisoma. Lina maneno mengi mazuri. Litafika litakapofika.

Salamu kwa binti yangu.

Mjomba wako


Nyumbani,
21 Mei

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Nimeipokea barua yako kwa heshima na kuisoma kwa makini. Nyumbani ni salama. Baridi imeanza kuingia asubuhi, na mkaza mjomba anafunika miche kwa magunia. Ugomvi wa godoro, kwa masikitiko, umekua: fundi cherehani amerudisha sketi ya shule ya binti yako bila kuishona pindo, na mkaza mjomba sasa anakusudia kumshitaki kwa kamati ya mtaa.

Kuhusu gari, nimefanya uchunguzi ufuatao. Kwanza nilichomoa kijiti cha oili. Kama gasketi ya kichwa cha injini ingekuwa imeungua, maji yangechanganyika na oili, nayo ingeonekana kama chai ya maziwa. Oili ni safi. Kisha nilitazama moshi wa nyuma, kwa kuwa maji yanayoungua ndani ya injini hutoa moshi mweupe usiokwisha. Sikuuona. Zulia la ndani, miguuni pa abiria, ni kavu, kwa hiyo maji hayavujii ndani ya gari. Kifuniko cha rejeta kilikuwa na mpira uliokakamaa, nikanunua kipya na kukihifadhi kile cha zamani. Hali haikubadilika. Sehemu pekee nisiyoweza kuiona ni upande wa chini, kwa sababu ya lile bamba la chuma ulilolifunga kuikinga injini na mawe. Naomba idhini ya kulifungua.

Juzi mkaza mjomba alinikuta nimeinama kwenye boneti.

"Msomi, unapika nini humo?"

"Napima maji, Mama."

"Kila siku? Yana homa?"

Nilimweleza kwamba ni utafiti. Akasema, "Utafiti wa nini tena, si ulishamaliza shule?" Lakini alisimama akikitazama kijiti kwa muda, na alipoondoka hakuwa anatabasamu.

Kuhusu dereva, nilimuuliza kwa njia ya mzunguko iwapo injini huchemka njiani. Alicheka. "Kwa mwendo wangu ichemkie wapi? Juzi nimepitwa na mtu anasukuma mkokoteni, tena kanipungia mkono!" Kuhusu iwapo huingia ndani, sina takwimu za kutosha kufikia hitimisho. Funguo hutundikwa kwenye msumari wa jikoni.

Wako mtiifu,
Mpwa wako


Kambini,
9 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Afya yangu nzuri. Usingizi ndio sina.

Sikukuomba takwimu. Nilikuuliza kama mtu anaingia ndani au haingii, na jibu lake lina neno moja. Mtu akiulizwa swali la neno moja akatoa sentensi ndefu, huwa kuna kitu amekikalia. Huku kazini huyo ndiye ninayemfuata mpaka nyuma ya stoo.

Funguo ziko kwenye msumari wa jikoni. Kwa hiyo yeyote anazichukua. Wewe unalala kama gunia la saruji; mama yako alikuwa anakuhamisha kitandani hujui. Gari linaweza kusukumwa mpaka barabarani, likawashwa huko, likaenda na kurudi, nawe asubuhi ukainuka na kijiti chako unashangaa maji yamekwenda wapi. Fanya hivi: jioni weka kokoto nyuma na mbele ya kila tairi, ndogo, asizione mtu. Asubuhi zitazame kabla hujapima maji. Kisha niandikie upesi. Ukichelewa, nitajua umeambiwa uchelewe.

Bamba la chini usiliguse. Nililifunga mwenyewe, bolti kwa bolti, na halihusiani na maji. Na mwambie mke wangu asiende kwenye kamati yoyote na habari ya godoro. Sababu sina nafasi ya kuieleza hapa.

Salamu kwa binti yangu.

Mjomba wako


Nyumbani,
24 Juni

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Nyumbani hatujambo, isipokuwa mafua yaliyoletwa na baridi. Binti yako ameanza kuota jino moja na analipima kwa kidole kila anapokumbuka. Nahofu amejifunza kwangu.

Nimetekeleza agizo la kokoto. Kwa juma zima hakuna hata moja iliyosogea, na tairi hazikuacha alama mpya. Hata hivyo maji yamepungua kila asubuhi, tena kuliko wakati wowote tangu nianze kupima. Jumamosi na Jumapili gari halikuwashwa kabisa. Asubuhi ya Jumatatu kijiti kilitoka na maji yakiwa chini zaidi kuliko siku linaposafiri. Kwa hiyo, Mjomba, nalazimika kusema kwa adabu kwamba gari hili linakunywa maji likiwa limelala. Sababu yake siijui bado. Narudia ombi langu kuhusu bamba.

Dereva hunywa chai uani, kwenye ndoo iliyopinduliwa. Jibu hilo ningelitoa mara ya kwanza. Nilizunguka kwa sababu sikupenda kuulizwa.

Wako mtiifu,
Mpwa wako


Kambini,
8 Julai

Mpwa wangu,

Nimekusubiri. Lori la saruji lilipaswa kufika mara mbili, halikufika hata mara moja, na wanasema limeharibika njiani. Huenda. Barua ikitaka kufika hufika. Inaweza kuja hata na lori la kokoto. Kimya chako kimenijibu.

Nimemwandikia kaka yangu mkubwa. Atakuja kuchukua pikapu aiweke kwake, na dereva huyo aambiwe hana kazi. Mke wangu akakae kwao mpaka nitakaporudi tufanye kikao. Kitalu kitamwagiliwa na yeyote atakayepatikana. Kaka ana barua yangu na ataisoma mbele yenu. Wewe usimtetee mtu. Kumbuka ombi lako la kazi nani amelishika.

Salamu kwa binti yangu, na usimweleze lolote.

Mjomba wako


Nyumbani,
22 Julai

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Binti yako hajambo. Miche ya miparachichi imekwisha kuuzwa yote, ila mzigo wa mwisho bado haujapelekwa. Naanza kwa kueleza kwamba barua yangu ya tarehe 24 Juni niliikabidhi kwa wakati, nayo bado imo ndani ya lori lililokwama. Utakapoipata utaona kokoto zilisemaje.

Kaka yako mkubwa alifika juzi asubuhi, amevaa koti zito, barua yako ikiwa mfukoni. Alikataa chai. Kwa hilo tu mkaza mjomba alielewa kwamba hakuja kutusalimia. Upande wa pili wa ukuta cherehani ya jirani ilikuwa ikikimbia kama kawaida.

"Shemeji," akasema, "nimetumwa gari."

"Gari tu?"

"Na mengine yamo humu." Akaugonga mfuko.

"Yasome basi. Hapa hakuna mgeni."

Akasoma yote. Mkaza mjomba alisikiliza akiwa ameshika mche mkononi, na hakuuweka chini mpaka aliposikia jina la dereva.

"Taratibu?" akasema. "Yule ambaye hufika sokoni wenzake wanafunga? Aende nami wapi, na saa ngapi tutarudi?"

Kaka yako alikunja barua, akanyoosha mkono, na mkaza mjomba akauondoa ufunguo kwenye msumari mwenyewe, akampa. Kisha akaingia ndani, nikasikia sanduku la nguo likivutwa kutoka chini ya kitanda.

Mjomba, mpaka hapo nilikuwa sijasema neno. Ombi langu la kazi lilikuwa likinizuia ulimi. Lakini asubuhi hiyo kijiti kilikuwa kimetoka karibu kikavu, na nisingeweza kumwacha mzee aondoke na injini isiyo na maji. Nikamwomba subira. Kile kifuniko cha zamani cha rejeta nilikuwa nimekitoboa na kukipachika valvu ya tyubu ya baiskeli. Nilijaza maji, nikakifunga, nikaunganisha pampu yenye mshale wa kupimia upepo, na kusukuma hewa kidogo kidogo. Injini ilikuwa baridi kama chuma cha lango. Mshale ulipanda. Nikaacha kusukuma. Mshale ukaanza kushuka.

"Tafadhali tazama," nikamwambia. "Ufunguo uko mkononi mwako. Gari halijawashwa, halijasogea, na dereva hajafika kazini. Lakini maji yanatoka sasa hivi, mbele yetu."

Aliinama akatazama chini. "Yanatoka yakienda wapi? Hapa pakavu."

"Labda yanaishia juu ya bamba. Mjomba amekataza lisifunguliwe."

Kaka yako alivua koti. "Huyo nimemfundisha mimi kufunga kamba za viatu. Lete spana."

Bolti zilikuwa zimekazwa kwa hasira. Bamba lilipolegea lilikuwa zito kupita kawaida, tukalishusha wote wawili, tukalivuta nje. Juu yake, limekatwa sawasawa kufuata kingo na kufungwa kwa waya, lilikuwa limelala godoro. Sponji yake ilikuwa imevimba kwa maji ya kijani ya rejeta, lakini maua ya zambarau yalionekana vizuri.

Kaka yako aliligusa katikati kwa kiganja.

"Hili nimelilalia mimi," akasema. "Nilipokuja msibani. Lina bonde hapa katikati. Mbavu zangu zinalijua."

Nilimwita mkaza mjomba. Alitoka na kanga moja begani, nyingine ikiwa imekunjwa mkononi. Alichuchumaa, akaishika pembe ya godoro na kuikamua, na maji ya kijani yakamwagika miguuni pake. Aligeuka akautazama ukuta wa jirani. Cherehani ilikuwa imenyamaza.

Sasa naeleza hitilafu. Hosi ya chini, inayotoa maji kwenye rejeta kuyapeleka kwenye injini, imeshikwa na klampu, ile pete ya kuikaza, iliyoliwa meno, na shingo ya rejeta inapoingia ina vishimo vya kutu. Injini ikipata moto, hosi na shingo huvimba na kubanana, kwa hiyo njiani halipotei hata tone. Injini ikipoa, vyote husinyaa na mwanya hufunguka. Ndiyo maana maji yalipungua zaidi gari lilipolala, na zaidi tena baridi ilipoongezeka. Kila kilichodondoka kilinywewa na godoro. Siku inayofuata joto la injini lililikausha, na maboksi yangu hayakupata chochote. Kijiti chako kilisema kweli siku zote, Mjomba. Sisi ndio tuliokitafsiri.

Nilikata ncha ya hosi iliyokakamaa, nikaisugua shingo kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, nikafunga klampu mpya. Nilijaza maji taratibu na kuiacha injini iungurume kifuniko kikiwa wazi tangu ikiwa baridi, mpaka mapovu ya hewa yakaisha. Ilipopoa nilirudisha pampu. Mshale ulisimama. Jana na leo kijiti kimetoka kwenye alama ileile. Bamba nimelirudisha bila godoro ulilolitandika kuzuia mlio wake, na sasa linapiga kelele kiasi kwamba gari likitoka mtaa mzima unajua. Nadhani hilo litakutuliza kuliko kokoto.

Kaka yako alikunywa chai, vikombe viwili, akaondoka kwa miguu. Ufunguo aliurudisha msumarini mwenyewe. Mkaza mjomba hakwenda kwao, lakini sanduku bado liko katikati ya chumba, na nguo zimo.

Nina mawili ya mwisho. Tangu Mei, kila barua yako ilipofika, mkaza mjomba aliniuliza, "Amenisalimia?" Nami nilijibu kwamba umemsalimia sana. Salamu hizo nilizitunga. Baada ya kusikia yaliyosomwa uani, aliniomba barua zako zote, nami nimempa zote. La pili: naomba unirudishie ombi langu la kazi. Nitalituma mwenyewe kwa posta.

Wako kwa heshima,
Mpwa wako

Mume wangu,

Nimeomba kipande hiki cha chini kilichobaki. Nimesoma barua zako zote, nikitafuta salamu zangu, na sikuziona. Zile za mpwa wako zilikuwa nzuri. Uliniulizia hata mgongo. Nilijua si zako, lakini nilizipokea, kwa sababu mtu hukubali anachopewa.

Godoro limepatikana. Nimelianika kwenye kamba ileile, maua yakitazama kwa jirani. Leo asubuhi amesimama akalitazama, akanitazama mimi, akarudi kwenye cherehani yake. Nimemtukana miezi yote hii kwa kitu ulichokuwa unakijua. Sitamweleza lilikuwa wapi. Njoo umweleze wewe. Mlango wake ukifunguka, na wangu utafunguka. Usipofunguka, sanduku liko tayari, na sitahitaji kaka yako anisomee kitu.

Mkeo


Kambini,
6 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua zako mbili zimefika siku moja. Ile ya Juni ilikuwa na saruji ndani, nikaikung'uta kwanza. Nimezisoma nikiwa nimekaa stoo, mlango nimeufunga. Karani aligonga, sikumfungulia.

Jana asubuhi kijiti cha dizeli kilitoka mstari ukiwa chini. Nilimwita dereva wa tingatinga, akaja anatazama viatu vyake kabla sijasema. Nikamwambia tuingie kwanza chini ya tangi tutazame bomba. Bomba lilikuwa zima, kwa hiyo ni mwizi. Lakini nilitazama.

Usidhani nimeacha kumshuku Taratibu. Shati la pasi la kubebea miche bado halijaniingia akilini. Nasema tu kwamba maji hayamshuhudii tena, na mimi shahidi mwingine sina. Mwambie apeleke huo mzigo wa miparachichi.

Ombi lako siwezi kulirudisha, kwa sababu halipo kwangu. Nililipeleka kwa mhandisi mkuu mwezi wa Mei, siku ileile nilipolipata. Sikukwambia ili uendelee kupima. Amesema utaitwa. Ukiulizwa swali la neno moja, jibu neno moja.

Maelezo ya godoro sitayaandika. Nimeomba ruhusa, na lori la saruji litanishusha Jumamosi. Nimenunua godoro jipya. La zambarau sikulipata, hili lina mistari. Nitapita kwanza kwa fundi cherehani na nitagonga mwenyewe. Ukiniona nimesimama mlangoni kwake, ingia ndani, na binti yangu mwingize pia. Nikichelewa kufunguliwa, msitoke kunitazama.

Kijiti kivunje, kiingie jikoni.

Msalimie mke wangu. Mwambie maneno hayo hayo matatu, usiongeze la kwako hata moja. Mgongo wake nitauulizia mimi.

Mjomba wako